Watoto 31 wa Desemba

Barua ilifika shuleni wiki ya pili ya Februari 2025, ukurasa mmoja, katikati yake jedwali dogo. Waliotarajiwa kuanza darasa la kwanza: 52. Walioandikishwa: 21. Asilimia: 40. Mwalimu mkuu alitakiwa aeleze kwa maandishi watoto 31 wako wapi, na serikali ya kijiji iwachukulie wazazi hatua. Aya ya mwisho ndiyo iliyowapa watu tumbo joto: shule yenye mwelekeo wa namna hii ingeangaliwa kama iunganishwe na ile ya kijiji cha pili, ng'ambo ya korongo.

Ni shule ya msingi ya serikali, huku kwetu kwenye mlima Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi, mahali ambapo migomba na kahawa vimeshikana hadi huoni nyumba ya jirani. Jina lake naliacha, kwa sababu yaliyotokea hapa yangeweza kutokea katika shule nyingine nyingi za mlima huu. Mimi nilifundisha hisabati hadi nikastaafu, na kihamba changu, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, kiko chini kidogo ya uwanja wa shule. Mwenyekiti wa kamati ya shule alinijia jioni, barua mkononi.

"Mwalimu," akaniambia, "mgambo wakianza kuwatafuta watoto thelathini na mmoja, kijiji kitagawanyika. Wewe unajua hesabu. Tusaidie kabla hawajaja."

Hofu yake ilikuwa na msingi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamlazimisha mzazi kumwandikisha mtoto na kuhakikisha anahudhuria, na asiyefanya hivyo anaweza kufikishwa mahakamani. Naiunga mkono sheria hiyo. Ila kabla ya kumshtaki mtu kwa mtoto aliyepotea, ni lazima kwanza mtoto awe amepotea kweli.

Orodha iliyozaa 52

Walimu walidhani nitaanza na rejista ya darasa la kwanza. Niliomba daftari lililotoa ile 52. Asilimia ina namba mbili, ya juu na ya chini, na karibu kila mtu hubishana kuhusu ile ya juu: walioandikishwa ni wachache, kwa nini ni wachache, nani amezembea. Ile ya chini hupita kimyakimya kana kwamba imeteremshwa kutoka mbinguni, wakati nayo imehesabiwa na watu, kwa kalamu, siku fulani.

Mtendaji wa kijiji alinipa daftari la kaunta buku. Vitongoji vinne, miandiko minne, kila balozi wa nyumba kumi na nyumba zake. Juu ya ukurasa wa kwanza kulikuwa na tarehe: 27 Desemba.

Nilipoiona tarehe hiyo nilikaa kimya muda. Asiyeujua mlima huu ataniuliza tarehe ina nini. Kuanzia Desemba 20 mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanaingia Moshi yamejaa, na vijana walioondoka miaka ishirini iliyopita wanapanda nyumbani na wake, waume na watoto. Nyumba ambayo Oktoba ina bibi na ng'ombe wake bandani, Krismasi ina watu kumi na wanane, magodoro sebuleni, mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye ndoo, na ndafu, mbuzi mzima wa kuchomwa, uani. Sasa balozi amebisha hodi katika siku hizo, akauliza kama ndani kuna mtoto aliyefikia umri wa kuanza darasa la kwanza. Bibi amejibu ukweli mtupu: yupo, tena wawili. Balozi ameandika.

Hakuna aliyedanganya. Agizo la kuhesabu lilichelewa kushuka, likaangukia wiki ile, na lilisema tu kwamba wahesabiwe watoto waliopo. Walikuwepo.

Tuligawana kazi watu watatu: mimi, mwalimu wa darasa la kwanza, na mama mmoja muuguzi mstaafu aliyetumikia zahanati yetu miaka mingi na ambaye anamjua kila mtoto aliyechanjwa hapa. Tulichukua majina 52, tukafuta 21 walioko darasani, tukaanza kupanda na kushuka na yale 31 yaliyobaki. Ilituchukua siku tisa. Siku nyingi zaidi zilikwenda kwenye simu, kwa sababu wazazi hawakuwepo kijijini.

Kumi na saba walikuwa wageni wa Krismasi. Tisa wanaishi na kusoma Dar es Salaam, watano Arusha, watatu Moshi mjini. Wote walikuwa darasani, na tuliwauliza wazazi jina la shule na la mwalimu wa darasa ili tusije tukajipa faraja ya bure. Mama mmoja aliyeko pembezoni mwa Jiji la Arusha aliniambia mwanawe anasoma katika chumba chenye watoto zaidi ya mia, wengine wakikaa chini. Nikamuuliza kama mjumbe wa mtaa wao alipita kuhesabu watoto mwishoni mwa mwaka. Akasema walipita wiki ileile, jirani alimweleza, wakakuta kufuli mlangoni. Naliona jambo hili kuwa zito kuliko lolote tulilolikuta. Mtoto mmoja amehesabiwa asikosoma, na hakuhesabiwa anakosoma. Mlimani dawati lake liko tupu na watu wanatishiwa kwa ajili yake, na kule Arusha anakaa sakafuni.

Sita wanasoma shule za binafsi za mchepuo wa Kiingereza huko chini. Basi la shule linawachukua barabarani saa kumi na moja na nusu alfajiri, kungali giza. Wazazi wao ni muuguzi, mafundi, wafanyabiashara wa ndizi, na mmoja ni mjumbe wa kamati yetu wenyewe. Sekondari masomo yanafundishwa kwa Kiingereza, msingi kwa Kiswahili, na wazazi hawa wanajaribu kumvusha mtoto mapema. Sina ugomvi nao. Naumia tu kwamba mtoto wa miaka sita anaamshwa saa kumi usiku ili apite mbele ya shule yenye vyumba vitupu aliyosoma baba yake.

Watatu walikuwa shule ya kijiji cha pili, kwa kuwa nyumba zao ziko upande ule wa korongo na mvua za masika zikianza njia ya kuja kwetu haipitiki. Mmoja alihamia Boma Ng'ombe na mama yake wiki ya kwanza ya Januari. Wawili hawakuwepo kabisa duniani: balozi mmoja, ili kupunguza mwendo, alichukua pia majina kwenye orodha ya ubatizo ya kanisa, na watoto wawili wakaandikwa mara mbili, kwa jina la ubatizo na kwa jina la nyumbani.

Hao ni 29.

Wawili waliobaki

Wa kwanza ni msichana ambaye miguu yake haijapata nguvu tangu alipozaliwa. Mama yake alimbeba mgongoni kumpeleka darasa la awali mwaka mzima uliopita. Njia inavuka mfereji na kupanda mahali pa kushikilia mizizi. Mtoto amekua, mama ni mjamzito, na Januari alishindwa. Hakuja mtu kumuuliza, naye hakwenda kwa mtu kusema. Alituambia aliona aibu kuomba.

Wa pili ni mvulana anayeishi na bibi yake, nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Mama yake anafanya kazi za ndani mbali. Tulimkuta anapuliza moto jikoni. Bibi alikuwa amelala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mmekuja kumchukua?"

Nikamwambia hapana, tumekuja kuuliza hali. Akanyamaza, kisha akasema kwamba kama ni sheria, sheria imchukue yeye, ila atueleze nani atamletea maji mchana. Nilifundisha miaka mingi na sikuwa na jibu la haraka. Yule mama muuguzi ndiye aliyekaa kitandani, akamshika mkono, akaanza kumuuliza ameishiwa dawa tangu lini.

Turudi kwenye hesabu. Ukitoa wageni 17, majina mawili yaliyorudiwa na mtoto mmoja aliyehama, kijiji kilikuwa na watoto 32 wa kuanza darasa la kwanza. Ndani ya shule yoyote, yetu au ya wengine, walikuwemo 30. Hiyo ni asilimia 94, na barua ilisema 40. Wazazi wa kijiji hiki hawakustahili ile barua. Lakini sitaki mtu asome 94 akapumua. Ile 40 ilitengeneza washukiwa 31 na kuwaficha katikati yao watoto wawili wenye shida ya kweli. Mgambo wangeanza na nyumba zilizofungwa hadi Desemba nyingine, wakachoka kabla ya kufika nyumba ya mwisho ya msituni. Na 94 nayo, ukiiandika peke yake, inawaficha vilevile, kwa sababu kila mtu ataona ni namba nzuri.

Kushuka kwenyewe

Mwalimu mkuu aliniuliza swali la haki: mbona hata tukisahihisha haya yote, shule inapungua? Ukutani ofisini kwake kuna chati ya uandikishaji, na kwa miaka hii kumi mstari unashuka.

Kwanza nilimwonyesha mstari unapoanzia. Chati inaanza 2016. Januari ya mwaka huo ndipo elimu bila malipo ilipoanza kutekelezwa, kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, na nchi nzima watoto waliokuwa nyumbani kwa kukosa michango waliletwa kwa pamoja, wa miaka sita, saba, nane, hata tisa. Hapa kwetu waliandikishwa 49. Nikaomba rejista za zamani kabatini: 2015 walikuwa 34, na 2017 walikuwa 33. Kwa hiyo 2016 ni kilima kilichosimama katikati ya uwanda. Ukikifanya mwanzo wa safari, kila mwaka unaofuata utaonekana unateremka. Kundi hilohilo la 2016 liliitikisa nchi tena lilipomaliza darasa la saba 2022. Madarasa 8,000 ya sekondari yalijengwa mwishoni mwa mwaka huo ili walioingia kidato cha kwanza Januari 2023 wapate pa kukaa. Wakifika salama watafanya mtihani wa kidato cha nne 2026, na chati za watahiniwa nazo zitapanda mlima wake.

Lakini kutoka 33 hadi 21 ni kushuka kweli, na hapo lawama kwa walimu hazina mahali. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Kilimanjaro na watu 1,640,087. Ya 2022 ikaukuta na 1,861,934. Ni ongezeko la asilimia 13.5 kwa miaka kumi. Tanzania nzima katika miaka hiyohiyo ilitoka 44,928,923 ikafika 61,741,120, zaidi ya asilimia 37, na jirani zetu Arusha waliongezeka kwa asilimia 39, kutoka 1,694,310 hadi 2,356,255. Mlima unazaa watoto wachache na unawapeleka nje walio wengi. Vihamba vimegawanywa kwa wana na wajukuu hadi havigawanyiki tena, kahawa haimlishi kijana kama ilivyomlisha babu yake, na aliyesoma anaondoka.

Na huku kusoma kulianza zamani. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893, Wakatoliki wakiwa tayari wametangulia Kilema. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, KNCU, kilipoanza 1933 fedha za kahawa zikawa ada na mabati ya shule. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, lililotaka kila mtoto wa Tanzania apate elimu ya msingi ifikapo 1977, kila kijiji kilipandisha majengo yake. Shule yetu ina vyumba vya wakati ule, vilivyojengwa kwa mawe yaliyobebwa kichwani na akina mama ambao sasa ni mabibi. Kwa hiyo shule zilipangwa kwa mlima wenye watoto wengi, na leo tunazisoma kwa kipimo kilekile.

Maoteo ya idadi ya wanafunzi yanayoshushwa vijijini hufanywa mara nyingi kwa kuchukua ongezeko la eneo kubwa na kuligawa sawasawa. Njia hiyo inafaa pale watu wanapoongezeka sawasawa. Muuguzi wetu alikuwa na jibu jepesi zaidi: kitabu cha chanjo. Mtoto aliyechanjwa surua hapa miaka mitano iliyopita, na ambaye mama yake bado anaonekana sokoni, ndiye wa kutarajiwa.

Shule ya wanafunzi 168

Shule yote sasa ina wanafunzi 168 na walimu saba. Kwenye jedwali huo ni uwiano wa mwalimu mmoja kwa wanafunzi 24, na kiwango cha serikali ni mmoja kwa 45. Anayesoma namba hizo mezani ataona walimu watatu wa ziada. Kwa 45, watoto 168 wanahitaji walimu wanne.

Sasa waweke hao wanne darasani. Kuna darasa la awali, na la kwanza hadi la saba, jumla madarasa manane. Saa mbili asubuhi madarasa manne yana mwalimu na manne hayana. Mtoto wa darasa la pili anayejifunza kusoma anahitaji mwalimu mzima hata kama wako kumi na tisa. Hawezi kupewa nusu ya mwalimu kwa kuwa wenzake ni wachache. Kipimo cha kugawa wanafunzi kwa walimu kilifikiriwa kwa shule kubwa, na kwa shule ndogo kinadanganya kila mwaka. Ningependa uwiano wa shule kama yetu uhesabiwe kwa madarasa: walimu wangapi kwa mikondo mingapi.

Fedha nazo zinakwenda kwa kichwa. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu na 6,000 zinakuja shuleni. Kwa watoto 168 ni shilingi 1,008,000 kwa mwaka, yaani 84,000 kwa mwezi. Chaki, karatasi za mitihani na ukarabati vyote vinatoka humo. Bati lililotoboka halijui kama chini yake wako watoto 20 au 60, gharama ni ileile. Mtoto akihamia mjini, elfu sita zake zinamfuata, tundu la bati linabaki.

Sipingi kuunganisha shule popote. Ziko sehemu hapa mlimani shule mbili zimetazamana, unasikia kengele ya moja ukiwa ndani ya nyingine, na hapo kuunganisha ni busara. Kati yetu na kijiji cha pili kuna korongo lenye maji Aprili na Mei. Mtoto wa darasa la kwanza hawezi kulivuka peke yake, na yule msichana wetu hatalivuka kamwe.

Kuna jambo jingine nililotaka liwekwe kwenye majibu mapema, kwa sababu najua litakuja kusomwa vibaya. Kwa mtaala mpya ulioanza Januari 2024, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita. Walioingia darasa la tatu mwaka ule waliuanza mtaala huo; mwaka 2025 walikuwa darasa la nne, nao watamaliza darasa la sita mwaka 2027. Mwaka huohuo wenzao wa mtaala wa zamani, ambao mwaka 2025 walikuwa darasa la tano, watamaliza la saba. Madarasa mawili yataondoka pamoja. Januari 2028 kila shule ya msingi nchini itaonekana imepungukiwa, na sekondari zitapokea makundi mawili kwa mpigo mmoja. Kama mtu atachukua chati ya shule yetu siku hiyo bila kukumbuka hili, ataandika barua nyingine.

Mkutano

Mkutano wa kijiji ulifanyika chini ya mti wa shule, Jumamosi ya kwanza ya Machi. Nilisoma matokeo bila kutaja majina ya watoto. Niliposema kumi na saba walikuwa wajukuu wa Krismasi, balozi mmoja, mzee kuliko mimi, alisimama akasema kwa uchungu kwamba yeye alitumwa akahesabu, na sasa anaonekana mjinga mbele za watu. Nilimwomba radhi hadharani. Kazi yake aliifanya nyumba kwa nyumba, kwa miguu, bila posho. Kosa lilikuwa la tarehe na la swali aliloagizwa kuuliza.

Tulikubaliana mambo machache. Hesabu ya kijiji ifanyike Oktoba, watu wakiwa makwao, na iulize mtoto analala wapi shule zikifunguliwa. Orodha ipitishwe kwa muuguzi wa zahanati kabla ya kupelekwa juu. Wanaosoma shule nyingine waandikwe na jina la shule hiyo. Majibu ya barua yalikwenda na kurasa sita, majina yote 31 na kilichokutwa kwa kila moja. Hadi naandika haya hatujapata jibu, na walimu saba bado wapo.

Kwa bibi wa msituni, akina mama wa jumuiya yake ya kanisa wamepanga zamu ya maji na chakula cha mchana. Mvulana alianza darasa la kwanza Jumatatu iliyofuata mkutano, akawa namba 22 kwenye rejista. Anachelewa asubuhi, na mwalimu amekubali achelewe.

Msichana bado hajafika shuleni. Vijana wamechonga ngazi kwenye ule mpando na kuweka mbao kwenye mfereji, lakini kitimwendo hakipiti pale, wala hatujakipata. Mwalimu wa darasa la kwanza humfuata nyumbani Jumatano na Ijumaa baada ya vipindi, na begi lenye kitabu cha kusoma na ubao mdogo. Ameandika jina lake kwenye rejista, namba 23. Siku hizo mbili anamwekea alama ya kuhudhuria, na siku nyingine tatu anaacha kisanduku wazi.